Wanakuuliza umepitia wanaume wangapi, yeye hakuna anayemuuliza

Ilikuwa ile wiki ya mvua kila siku, saa kumi jioni hivi, niko kwenye kasekretaria kangu njia ya kushuka Kadutu, umeme wa SNEL umerudi hata nusu saa haijapita na watu wamejaa mlangoni kila mmoja na flashi yake mkononi, mara akaingia msichana mmoja wa miwani, koti limelowa, akanipa karatasi nne alizoandika kwa mkono. "Yaya," yaani dada, "unipigie hii mashini, kisha unitolee fotokopi 80. Ni kestionere ya TFC yangu." Yaani karatasi ya maulizo ya kazi yake ya kumaliza masomo. Anasomea uuguzi, anataka kujua wasichana wa hapa Bukavu wanajua nini kuhusu kansere ya mlango wa kizazi.

Mi kwa kawaida nikipiga mashini sisomi, vidole vinasoma vyenyewe. Nimeshapiga TFC za mihogo, za mmomonyoko wa udongo, za kodi ya soko, na sikumbuki hata moja imesema nini. Hii ilinikamata kwenye swali la tatu. "Ulianza mapenzi na miaka mingapi?" Chini ya 15, 15 mpaka 18, juu ya 18. Halafu: "Tangu uanze umekuwa na wanaume wangapi?" Mmoja, wawili ao watatu, zaidi ya watatu. Nyuma yangu kulikuwa na baba mmoja anangoja fotokopi ya kadi yake ya kura, anasoma kwenye ekrani juu ya bega langu, nikamsikia anakohoa, kile kikohozi cha mtu asiye na kikohozi. Nikapunguza maandishi mpaka namba 8, nikaendelea.

Nilipomaliza nikarudi juu, nikatafuta tena polepole. Maulizo 22. Kuna ya sigara, kuna ya kapoti (kondomu), kuna ya vidonge vya kupanga uzazi, mpaka kama mama yako alisoma. Ya mwanaume hakuna. Nikamuuliza yule msichana, sasa mbona huulizi huyo bwana yeye ana wanawake wangapi? Akaniangalia kama nimemuuliza bei ya ndege. "Yaya, hii iko ya wasichana." Najua, nikamwambia, lakini msichana anayeweka alama kwenye "mmoja" utamhesabu wapi? "Kwa wale wa hatari kidogo." Nikanyamaza, nikaanza kutoa fotokopi, kwa sababu kichwani nilikuwa tayari na mama mudogo.

Mama mudogo aliolewa na miaka 17. Mwanaume wake wa kwanza na wa mwisho ni huyo bwana. Mtu wa kanisa, anaimba kwenye koral ya wamama, kila Jumapili kikwembe na kitambaa vya rangi moja. Bwana wake alikuwa mtu wa dhahabu, anapanda machimboni Kamituga miezi mitatu minne, anarudi na pesa kidogo na sabuni na hadithi nyingi, kisha anapanda tena. Anayeijua Kamituga anajua maisha ya kule yalivyo, wanaume maelfu mbali na wake zao, na pesa ya mchana haivuki usiku. Simhukumu, hata matangani nilimpa chai kwa mkono wangu mwenyewe. Mi napiga hesabu tu.

2019 akaanza kuona damu katikati ya mwezi. Kisha damu kila akilala na bwana. Kisha maji yenye harufu, akawa anakaa kanisani kule nyuma kabisa karibu na mlango, mtu wa koral kukaa mlangoni, watu wakadhani amekosana na wenzake. Kumbe alikuwa anatafuta upepo. Hiyo ya mlango nilikuja kusimuliwa na mama baada ya mazishi, na mpaka leo inaniuma kuliko hata kaburi lenyewe.

Familia ikasema karuho, yaani sumu ya siri. Si mnatujua watu wa hapa, mtu akikonda tu basi kuna aliyemtilia sumu kwenye uji wa busoma. Ikatafutwa jirani wa kushukiwa, ikapatikana hata dawa ya kutapisha, akatapishwa mpaka macho yakaingia ndani, mwaka mzima ukaenda hivyo. Alipofika hospitali muganga alimwangalia dakika chache, akamwambia avae. "Aliniambia nivae, nikajua," ndivyo alivyonieleza. Tukaambiwa mambo ya mionzi, na mionzi ni kuvuka mpaka Kigali, na dola tulizochanga hazikufika hata nusu. Alikufa 2021, miaka 43, watoto saba.

Halafu matangani, mbele ya watu wanakula, shangazi mmoja akasema: "Ile ugonjwa haishikake tu mutu hivi hivi." Mnaelewa alichotaka kusema. Mtu aliyejua mwanaume mmoja maisha yake yote, akazikwa na jina la malaya.

Usiku ule baada ya kufunga sekretaria nikabaki na simu nikasoma mpaka bando likaisha, na siku zilizofuata nikamsumbua yule msichana wa uuguzi mpaka akanikopesha makaratasi yake. Kinacholeta hii kansere ni virusi, vinaitwa papilomavirusi, kwa kifupi wanaandika HPV. Aina zake zinapita 200, za hatari ni kama 14 hivi, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, ndizo zinazobeba kama asilimia 70 ya kansere zote za mlango wa kizazi. Vinapita ngozi kwa ngozi, sehemu za siri zikigusana, havingoji damu wala maji ya mwanaume, ndiyo maana kapoti inapunguza lakini haifungi mlango wote, ngozi nyingine inabaki nje. Na karibu kila mtu anayefanya mapenzi, mwanamke na mwanaume, atakutana navyo siku moja. Nasema karibu kila mtu, si wabaya peke yao.

Kwa watu wengi mwili unavifukuza wenyewe, kama watu 9 kwa 10 ndani ya miaka miwili vimeshatoka na hawakujua hata kama viliingia. Shida ni kwa yule ambaye vimekataa kutoka. Hapo vinakaa vinageuza ngozi ya mlango wa kizazi polepole, miaka 15, miaka 20, bila maumivu, bila chochote. Mwenye virusi vya sida (UKIMWI) ambaye hapati dawa, miaka inakuwa 5 mpaka 10 tu, na kwa jumla mwanamke mwenye virusi vya sida hatari yake ni mara 6 ya mwenzake. Kwa hiyo mama mudogo aliyeanza kutoka damu na miaka 41, rudisha nyuma, utafika miaka ishirini na kitu, mtoto wa pili mgongoni, bwana ndiyo kwanza ameanza kupanda Kamituga. Nilipoipiga hiyo hesabu nyuma ya bahasha nilitoka nje kidogo kuvuta hewa.

Sisemi tabia haihusiki, msinielewe vibaya. Kuanza mapema kunahusika, maana ngozi ya pale ndani kwa msichana mdogo bado changa, inashikwa haraka. Wanaume wengi kunahusika, kila mpya ni nafasi nyingine. Sigara inahusika, na kuzaa mara nyingi pia, na vidonge mfululizo zaidi ya miaka 5 vinaongeza kidogo ingawa ukiacha inashuka tena (usitupe vidonge vyako kwa ajili yangu, ongea na muganga). Ninachokataa ni kuhesabu upande mmoja. Mwanamke wa mwanaume mmoja analala na historia yote ya huyo mwanaume, na historia hiyo hakuna kestionere inayoiuliza.

Kuna kitu nilisoma nikacheka peke yangu. 1842 kulikuwa na daktari wa Italia, Rigoni-Stern, alikaa na vitabu vya vifo vya mji wa Verona, vya kuanzia 1760 mpaka 1839, akaona masista wa Kikatoliki wanakufa na kansere ya kizazi kwa nadra kuliko wanawake walioolewa. Watu wanapenda kuitumia hiyo kuhubiri, ona masista, ona usafi. Jamani, soma tena! Upande wa pili wa masista kwenye hiyo hesabu kulikuwa na nani? Wake za watu. Wenye pete. Ilibidi dunia ingoje mpaka 1983 ndiyo Harald zur Hausen, Mjerumani, na watu wake wapate ile aina ya 16 ndani ya kansere yenyewe, mwaka uliofuata aina ya 18, akaja kupewa tuzo ya Nobel 2008. Miaka zaidi ya 140 kutoka masista mpaka virusi, na kwetu bado tuko kwa "haishikake tu mutu hivi hivi".

Sasa yule msichana alinifanyia jambo. Aliniachia kestionere 20 nizigawe kwa wateja wangu wasichana, wanaongoja fotokopi wajaze bila kuandika jina. Basi nikaweka kiti pembeni, kalamu na bahasha. Nilichojifunza kwenye kile kiti hakuna semina ingenipa.

Siku moja walikaa watatu, mmoja anauza unite za simu pale mbele, wawili wanafunzi. Wanajaza huku wanabishana. Wa unite anasema yeye hana wasiwasi, akimaliza tu anajiosha ndani na ndimu na maji ya moto, inaua kila kitu. (Haiui. Virusi viko ndani ya ngozi, havikai juu kama vumbi, na ndimu inachokifanya ni kukuunguza tu.) Wa pili anasema kwao hakuna aliyewahi kuwa na kansere kwa hiyo haiko kwenye damu yao. Wa tatu ndiye aliyetuchekesha, mtoto mpole, kitambaa kichwani, akasema: "Sie mwanzoni tulitumiaka kapoti. Kisha tukazoeana." Wote watatu wakaangua kicheko, na mimi pia, maana nani hajui hiyo kuzoeana? Miezi mitatu ya kapoti, siku moja anakuuliza "kwani huniamini?", basi imeisha. Kuzoeana ndiyo kipimo chetu cha maabara.

Kisha yule wa unite akasema kwa sauti ya chini, kama anaongea na kalamu, kwamba wake ni mzee kidogo, ana miaka 45, ndiye anamlipia mdogo wake minervali, karo ya shule. Hakuna aliyecheka. Hiyo nayo hakuna aliyewahi kuniambia nilipokuwa na miaka yao: mwanaume anayekupita miaka 20 anakuja na miaka 20 ya wanawake, na wewe kwenye karatasi utaandika "mmoja" na utakuwa umesema kweli.

Nikawauliza kama wamesikia chanjo. Wawili hapana, mmoja amesikia inafunga kizazi. Nikawaambia juu ya binamu yangu wa Kamembe, ng'ambo ya mto Ruzizi hapo, upande wa Rwanda, unatembea kwa miguu unavuka. Rwanda walianza 2011, ya kwanza Afrika kuweka hiyo chanjo nchi nzima, wakaanza na wasichana wa primeri ya sita shuleni. Binamu yangu alikuwa primeri ya sita mwaka huo. Anakumbuka mkono ulimuuma na walipewa karatasi ya kuonyesha wazazi, wakati ule walikuwa wanadunga mara tatu. Leo ana mume na mapacha. Aliyesema inafunga kizazi alikaa kimya akasema "mapacha?" Mapacha, nikamwambia. Siku hizi OMS, shirika la afya la dunia, wanasema hata dozi moja inaweza kutosha kwa msichana, na wakati wake mzuri ni miaka 9 mpaka 14, kabla hajaanza chochote, kwa sababu chanjo inazuia virusi kuingia, haitoi vilivyokwisha ingia. Mto ni ule ule, ng'ambo ile wasichana wa mwaka 2011 walidungwa, ng'ambo hii sie tulikuwa tunafundishwa kufunga miguu. Nikivuka pale nikiwaona wanafunzi wa Kamembe na sare zao napata wivu wa kijinga.

Mi niko na miaka 31, chanjo imenipita, ninachobaki nacho ni kupimwa. OMS wanasema mwanamke aanze na miaka 30, mwenye virusi vya sida aanze na 25. Nimeandika kuhusu wengine mpaka hapa, haya, na mimi nijieleze. Nilighairi mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mpaka getini nikaona mtu wa mtaani kwetu kwenye foleni nikapita kama naenda sokoni. Mara ya pili nilisema mvua. Ya tatu ilikuwa siku za kupima bure, nikaenda na Yaya, dada yangu mkubwa, yeye akasema atanisindikiza tu.

Infirmie, yaani muuguzi, alikuwa mama wa makamo, mikono ya baridi, aliomba radhi kwa hiyo baridi. Akaniuliza nimezaa mara ngapi, akaniuliza kama niko kwenye siku zangu, akaniuliza kama natoka damu nikilala na mtu. Nikawa nangoja. Nilikuwa nimejiandaa usiku mzima kwa lile swali la wangapi, nilikuwa hata nimechagua namba ya kusema. Hakuuliza. Akaingiza kile kidude cha kufungulia, kinabana lakini hakikati, akapangusa na pamba, chumba kikajaa harufu ya vinegre, siki ile ile ya saladi. Nikasema kwa sauti "vinegre?" akasema ndiyo, ni hiyo hiyo asidi, inapimwa tu vizuri. Anapaka, anangoja dakika moja, ngozi iliyoharibika inageuka nyeupe, ngozi nzima inabaki na rangi yake. Ndiyo egzamu yote. Ile dakika alihesabu akiangalia saa ya ukutani na mimi nikihesabu mabati ya paa, nilifika 14.

"Iko safi. Urudi kisha miaka mitatu."

Kama angeona weupe, akaniambia, kuna kachuma ka moto wanakagusisha pale chini ya dakika moja, ao wanapagandisha na baridi, mara nyingi siku hiyo hiyo, unarudi nyumbani kwa miguu yako. Nikafikiri mama mudogo. Miaka kumi kabla ya ile damu ya kwanza labda ilikuwa ni vinegre na kachuma tu. Sehemu zingine siku hizi wanapima virusi vyenyewe, tena mwanamke anaweza kujichukulia mwenyewe na kijiti cha pamba nyuma ya pazia, nani anaona aibu na kijiti?

Nilitoka nikamkuta Yaya amekaa palepale. Miaka 38, watoto watano, hajawahi kupimwa. "Si nilikwambia nimekusindikiza," akasema. Akaongeza: "Tena wakinikuta nayo nitamwambia nini papa wa watoto?"

Hapo sikuwa na jibu la haraka, na nawaambia ukweli swali lake si la kijinga. Namjua mmoja aliambiwa ana HPV akatoka hapo moja kwa moja kwenda kuvunja simu ya bwana wake. Lakini virusi hivi vinaweza kulala miaka mingi, vimetoka kwako kabla hujamjua, ao kwake kabla hajakujua, hakuna karatasi ya muganga inayosema vimetoka kwa nani na lini. Na yeye mwanaume mara nyingi hana dalili, wala hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima, kwa hiyo anakuapia kwamba hana kitu na anaamini anachosema. Nilimweleza Yaya hivyo njia nzima ya kurudi, juu ya moto mmoja, pikipiki ya kukodi, sie wawili na dereva, nikipiga kelele kwenye sikio lake mambo ya mlango wa kizazi katikati ya Nyawera, dereva akapunguza mwendo asikie vizuri. Yaya amesema atafikiri. Nampa mpaka mwisho wa mwezi, kisha namsindikiza mimi.

Jumatatu msichana wa uuguzi alirudi. Direktere wake, anayemsimamia TFC, amekubali aongeze, kwa hiyo tukafungua faili upya, nikapiga swali la 12 b: "Je, mpenzi wako ana mwanamke mwingine?" Ndiyo, hapana, sijui. Nikamtolea fotokopi mpya na sikumlipisha za kwanza. Jioni akapita yule wa unite, nikamwambia ile uliyojaza imebadilika, ukitaka jaza tena. Akakaa kwenye kiti, akashuka haraka haraka mpaka 12 b, hapo akasimama. Alitafuna kalamu muda mrefu mpaka wateja wawili wakaingia wakatoka. Kisha akaweka alama, akageuza karatasi uso chini, akaitia kwenye bahasha mwenyewe, akaniuliza kama ile ya vinegre inauma.

Nikamwambia mikono ya infirmie tu ndiyo ya baridi.